Siku Niliyopanda Darini na Soksi

Nina kofia moja yenye matundu matatu ambayo simruhusu mtu kuishona. Mke wangu aliwahi kuitia sindano, nikamwomba aufumue uzi. Matundu hayo yalitobolewa na misumari ya bati, juu ya chumba cha madrasa yetu hapa Ilomba, Mbeya, asubuhi moja ya baridi, na kila nikiivaa natamani mtu aniulize. Watu hawaulizi, kwa adabu zao. Kwa hiyo naandika.

Lazima nianzie Iringa, maana kosa langu lilizaliwa huko pamoja nami. Baba yangu alikuwa muuza vitambaa ambaye wazee wake walitoka pwani. Mama alikuwa Mhehe. Nyumba tuliyokulia ilijengwa na wajomba zangu, na dari yake waliitengeneza kwa mianzi iliyopangwa bega kwa bega juu ya boriti nene, kisha wakaisiriba udongo mpaka ikawa ngumu kama uwanja. Huko juu yalikaa mahindi, maharage na maboga. Moshi wa jikoni ulipanda ukayalinda na wadudu, nasi watoto tulipanda tukayakalia. Palikuwa na joto zuri miezi ya baridi. Nilipewa juzuu yangu nikapanda nayo, nikaegemea gunia, nikasoma kwa sauti. Mama alikuwa chini anapika, na nikinyamaza tu aligonga mianzi kwa mpini wa mwiko. Sura nyingi ninazozijua kwa moyo nilizihifadhi nikiwa nimekaa darini. Tulikimbizana huko juu, tukaruka, wala hakuna aliyewahi kuanguka. Miguu yangu ilikua ikijua kwamba dari ni mahali pa kukanyaga.

Sasa nimeishi Mbeya miaka mingi kuliko nilivyoishi Iringa, na sehemu kubwa ya maisha hayo nimefundisha Qurani. Binti yangu, kitinda mimba, ni mmoja wa waliopita mikononi mwangu. Alijifunza kama wanavyojifunza wote: kijiti mkononi, ncha yake kwenye herufi, mstari baada ya mstari, bila kuruka. Ndiye mwanafunzi wa kwanza kunisahihisha mbele ya darasa. Nilikuwa nimeruka aya. Nilimwangalia, akaniangalia, kijiti chake hakikusogea. Nikarudi nikaisoma.

Alipomaliza sekondari alikwenda chuo cha ufundi akasomea umeme. Ndugu walinijia na maneno yao, nami niliwaambia kwamba mtoto ameomba dua ya baba yake na nimempa. Leo ametia taa katika nyumba nyingi za Ilomba, na ukienda Mbalizi sokoni ukasema unamtafuta yule dada fundi wa umeme, utaelekezwa.

Chumba kipya cha madrasa kilipoezekwa, kwa michango ya waumini na magunia ya mpunga yaliyoletwa na ndugu zetu wanaolima Madibira, kamati ilikaa kuzungumzia umeme. Mimi nilinyamaza kwa sababu binti ni wangu. Mwenyekiti, rafiki yangu tangu ujana, muuza vipuri mwenye ulimi mkali kuliko bidhaa zake, ndiye aliyesema.

"Tumpe binti wa shekhe hiki chumba cha madrasa. Akikiweza, tunampa msikiti mzima. Asipokiweza, tutakuwa tumeharibu chumba kimoja tu."

Wazee walicheka. Nami nilicheka, lakini kicheko kilinichoma. Nikajikuta nasema kwamba kazi ikiisha nitaikagua mwenyewe kabla ya kamati kuiona.

"Wewe unajua nini habari za umeme?" mwenyekiti akauliza.

"Sijui umeme. Najua kitu kilichonyooka."

Nilipomweleza binti yangu, hakufurahi wala hakukasirika. Alichotaka ni ule msikiti. Tangu akiwa mdogo, akisali nyuma ya mama yake upande wa wanawake, taa za upande ule zilikuwa zikizimika katikati ya tarawehe, na akina mama walimalizia gizani huku wanaume upande wa pili wakiwa hawana habari. Aliwahi kuniambia, akiwa na umri wa kupoteza meno, kwamba akikua atazitengeneza. Sikuchukulia kwamba ni ahadi.

Siku ya ukaguzi kamati ilipangiwa kuja baada ya adhuhuri. Asubuhi nilimkuta amemaliza, anakusanya vifaa. Ngazi ilisimama chini ya tundu la kupandia.

"Baba, nisubiri," akasema. "Nafika dukani mara moja. Nikirudi tutapanda wote."

Nimewafundisha watoto habari za subira miaka mingi. Siku ile niliidumisha kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Nilisema bismillahi, nikavua viatu vyangu nikavipanga chini ya ngazi kama ninavyofanya mlangoni, nikapanda na kanzu yangu, kofia yangu, na soksi za sufu alizonifumia mke wangu.

Darini palinukia mbao mbichi za paini. Hapakuwa pamemaliziwa: hapana sakafu, ni boriti tu zinazokwenda sambamba, maranda ya mbao, vipande vya nyaya, na mwanga mwembamba unaoingia pembeni kwenye upenu. Bati lilikuwa karibu na kichwa. Nikawasha tochi ya simu, nikaziona nyaya za mwanangu. Zilikuwa ndani ya mabomba ya plastiki, zimefuata boriti, zimebanwa kila baada ya hatua ileile, na penye kona zimepinda kwa ustaarabu. Nimeona misahafu iliyopigwa mistari kwa haraka kuliko kazi ile. Nilisimama, mkono mmoja kwenye kenchi ya paa, nikamshukuru Mola kwa kunifikisha siku hiyo.

Hadi hapo nilikuwa nimetembea juu ya boriti, si kwa akili, kwa bahati. Kisha nikaona kwenye pembe ya mbali kikasha kimoja cha kuunganishia nyaya ambacho hakikuwa na kifuniko. Nikataka kukiona. Na kwa kuwa katikati palikuwa peupe na tambarare, miguu yangu ya Iringa ikakata njia.

Gipsam, ile bodi nyeupe ya dari, haikupiga kelele. Ilisema "ka", kama biskuti. Nikarudi nyuma upesi, soksi ya mguu wa kulia ikateleza juu ya boriti, nikakaa nimeipanda boriti kama mtu juu ya punda, kichwa kimegonga bati. Mguu wa kushoto ulibaki juu ya ile gipsam iliyopasuka. Nilipojaribu kusogea, kanzu ilikuwa imenaswa na msumari nyuma yangu. Nikajaribu tena, nikagonga bati tena. Chini yangu kulikuwa na ubao wa chokaa usiozidi unene wa kidole, na chini yake hewa, na chini ya hewa sakafu ya saruji.

Sikuogopa kufa. Kwa umri wangu mtu huwa ameshazungumza na Mola wake habari hiyo. Niliogopa kwamba nitashuka kupitia dari mpya ya waumini, na saa mbili baadaye kamati itaingia, itatazama lile shimo, na msikiti utampita mwanangu kwa sababu yangu.

Nikasikia mlango. Vumbi lilikuwa limeshuka sakafuni, naye akaliona.

"Nani yuko juu?"

"Mimi."

"Baba."

"Naam."

"Miguu yako iko wapi?"

"Wa kulia kwenye boriti ya pili, wa kushoto juu ya dari."

"Hapana, baba. Huo wa kushoto uko juu ya chokaa na karatasi. Usiuegemee. Usiunyanyue. Uache hapo hapo. Makalio yako yako wapi?"

"Kwenye boriti."

"Alhamdulillahi. Kaa nayo."

Wakati huo huo mwenyekiti akaingia, maana ni mtu wa kuwahi ili aone kasoro kabla hazijafagiliwa. Nilimsikia akiuliza ni nani anayezungumza na mbingu, kisha akaita kwa sauti: "Shekhe, mwezi umeandama huko?"

"Mzee wangu," binti yangu akamwambia, "shikamoo, na nakuomba usimchekeshe. Akicheka atashuka bila ngazi."

Katika urafiki wetu wote sijawahi kumsikia mwenyekiti akinyamaza kwa kuambiwa. Alinyamaza.

Binti yangu akapanda. Alikuja na taa kichwani, viatu vya mpira, na mbao mbili fupi. Hakukimbia. Alilaza ubao wa kwanza kukingama juu ya boriti mbili, akahakikisha kila ncha imelala juu ya boriti, akaupanda, kisha akalaza wa pili mbele yake. Akaona natazama.

"Ncha ikining'inia hewani ukaikanyaga, unakwenda nayo," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza jikoni. Taa yake ikashuka miguuni pangu. "Baba, umevua viatu?"

"Ni nyumba ya Qurani."

"Qurani iko chini. Huku juu kuna misumari. Vua na soksi."

Nikavua ya kulia, akaitia mfukoni. Akainasua kanzu, akaniambia niifunge kiunoni kama mtu anayevuka mto. Halafu akanishika kifundo cha mguu wa kushoto, akauinua mwenyewe taratibu kutoka kwenye gipsam, akauvua soksi, akauweka juu ya boriti. Baridi ya ule mti kwenye unyayo mtupu naihisi hata sasa.

"Sasa sikiliza. Unakumbuka ulivyotufundisha kushika kijiti?"

"Nakumbuka."

"Boriti ndiyo mstari. Hapo katikati ya mistari hakuna maandishi, ni karatasi tupu. Mguu haukai kwenye karatasi tupu. Ulikuwa unatupiga vidole tukiruka mstari."

"Sikuwapiga sana."

"Hilo tutalizungumza chini. Mikono miwili kwenye kenchi. Mguu mmoja tu usogee, huo mwingine ungoje. Ukishauona umekaa, ndipo uuite wa pili. Na kichwa chini, misumari ya bati haijui shekhe."

Nikakumbuka kuinamisha kichwa baada ya kugonga mara ya tatu.

Ndivyo tulivyorudi. Yeye alitangulia kinyumenyume, uso wake kwangu, akiweka kiganja chake mahali pa kukanyaga kisha akikiondoa. "Hapa," anasema. Nami naweka mguu na kujibu, "Hapa." Ni vilevile kama tulivyosoma mimi na yeye alipokuwa na miaka mitano: mwalimu anatamka, mwanafunzi anafuata, hakuna anayeharakisha. Nakiri kwamba katikati ya safari ile fupi nilitamani iwe ndefu kidogo. Mwalimu wa namna hiyo sikuwahi kumpata, na nilikuwa nimemlea mwenyewe.

Tulipofika chini mwenyekiti alinishika mkono kwa nguvu, akaniacha upesi, akatazama juu. Kwenye dari nyeupe palikuwa na ufa wa urefu wa kiganja.

"Na huu?"

"Ni wangu," binti yangu akasema. "Fundi ndiye mlinzi wa ngazi yake, na mimi niliiacha imesimama."

"Ufa ni wangu," nikasema. "Aliniambia nisubiri. Sikusubiri."

Mwenyekiti alitutazama wote wawili, kisha akazitazama soksi zangu zilizochungulia kwenye mfuko wa binti. Akamwomba awashe taa. Zikawaka zote kwa pamoja, wala hakuna iliyopepesa. Kisha akanigeukia: "Shekhe alikuwa anafuata nini huko pembeni?"

"Kikasha hakina kifuniko," nikajibu. Moyo uliniuma kusema, lakini nilikuwa nimeahidi kukagua.

Binti yangu akafungua karatasi aliyotoka nayo dukani. Ndani kulikuwa na kifuniko. "Kile cha kwanza kilikuwa na ufa," akasema. "Ndicho kilichonipeleka."

Baada ya swala kamati ilikaa palepale chumbani, chini ya ule ufa. Mwenyekiti alisema maneno machache, jambo ambalo pia si kawaida yake. "Mimi nyaya sizijui. Nilichokiona ni fundi anayemtoa mtu mkaidi mahali pabaya bila kumpigia kelele na bila kuvunja kitu. Nasema msikiti apewe. Lakini iwe kwa sharti."

"Sharti ninalo mimi, wazee wangu," binti yangu akasema kutoka mlangoni. "Kabla ya waya wowote, nitapigilia njia ya mbao darini, kutoka kwenye tundu hadi kwenye kila taa. Na ngazi ikisimama, asipande mtu kama sipo."

"Hata mwenyekiti?" mwenyekiti mwenyewe akauliza.

"Hasa mwenyekiti."

Walimpa.

Ufa ule fundi rangi aliuziba kabla wanafunzi hawajahamia, na mgeni hawezi kuuona. Mimi naujua ulipo. Mtoto akiruka mstari, kijiti chake kikakimbilia mbele, macho yangu hupanda yenyewe mpaka pale, nami humwambia arudi, bila kumgusa kidole.

Kazi ya msikiti ilikwisha kabla ya Ramadhani. Siku ya mwisho binti yangu alinipigia simu. "Baba, njoo. Ulisema utakagua, hukumaliza." Nilikwenda. Aliishika ngazi mwenyewe, akaniambia, "Viatu vaa." Nikapanda nimevaa viatu, na kofia yangu yenye matundu matatu. Juu palikuwa na njia ya mbao iliyopigiliwa, nyoofu, pana kiasi cha mtu kutembea bila kutafuta mguu, na ilifika mpaka mwisho kabisa, juu ya upande wa wanawake. Niliifuata yote. Nikasimama pale, naye nyuma yangu, mpaka nilipogeuka.

Jioni mwenyekiti aliniuliza mbele ya wazee kama nimekagua.

"Nimekagua," nikamwambia. "Imenyooka."