Nilikwama, Nikakataa Kumpokeza Mwenzangu

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Nilishamsingizia mmoja, na ndiye niliyempoteza!

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, nasoma hapa Buffalo, Marekani. Mwenzangu alikuwa dada wa Kikongo anayesoma Louisville. Jina simtaji, nimemwaibisha vya kutosha. Sote tulipenda sarufi za kihisabati, yaani kanuni za kubadilisha herufi, hatua kwa hatua, mpaka neno litokee. Tulitaka kujua: sarufi dhaifu, zilizokatazwa kufuta herufi yoyote, zikipokezana kazi zitaweza kuzaa maneno gani ambayo moja peke yake haiwezi?

Nasi tulifanya kazi vivyo hivyo kwa simu. Mmoja anasonga mpaka akwame, kisha anampa mwenzake. Raha iliyoje!

Wiki ya kwenda Columbus kuwasilisha kazi yetu kwenye mkutano wa wanahisabati, nilikwama. Badala ya kumpokeza, nikapenyeza hatua inayofuta herufi. Akaiona palepale, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa:

“Donc, kaka, hapa unafuta. Kanuni zetu zinakataza iyo. Unipatie hii kazi, nijaribu.”

“Nimesharekebisha, dada.” Uongo mtupu! Nilitaka umalizio uwe wangu.

Columbus alikuja kwa basi, akakaa mbele kabisa, kapendeza na kitenge chake. Profesa mmoja akaniuliza, “Hiyo herufi imeenda wapi?” Mdomo huu huu ukajibu, “Sehemu hiyo aliandika mwenzangu.”

Mbele ya watu wote! Tulipotoka nje akanipa karatasi kutoka mkobani.

“Nilijua haukurekebisha. Kwa zile mbili zetu niliongeza sarufi ya tatu, haifute kitu. Nilikuwa nangoja unipe nafasi niseme. Bon. Ubaki salama, kaka.”

Niliisoma nilipofika kituo cha basi. Ilikuwa sahihi, mstari kwa mstari.

Tangu siku hiyo simu zangu hapokei. Nimehamia Cheektowaga, kando tu ya Buffalo, lakini situlii, jamani! Nazunguka sebuleni kama kuku anayetaka kutaga. Naanza hesabu, naacha, nashika simu, naiweka.

Nyinyi mnaofanya kazi wawili wawili, msiwe wajinga kama mimi. Ukikwama, mpe mwenzako. Ukikosea, sema nimekosea, hata mbele ya maprofesa kumi!

Juzi nilikwama tena. Nikanyanyua simu ili nipokeze, nikakumbuka sina wa kumpa.