Jumapili Nyuki Walipoingia Dansini

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliyeyusha nta jikoni ili apake uzi wa kushonea viatu, na harufu yake ilipofika chumbani kwangu nikaketi kitandani nimejaa wivu. Nawaambia kweli, wivu, tena wa miaka mingi sana, juu ya mwanamume ambaye nadhani amekwisha kufa. Watu wengine wakinusa nta wanakumbuka asali. Mimi namkumbuka Bwana Shabani na saksafoni yake, na mpaka leo sijampenda.

Tulikuwa tunakaa Chemchem, pale Tabora, zama za Mwingereza, katika nyumba ya matofali mabichi yenye ua mpana. Babu yangu, Mzee Kasimu, alikuwa mnunuzi wa nta. Watu wa vijijini walimletea masega yaliyokwisha kukamuliwa, naye akayachemsha ndani ya pipa, akayachuja kwa gunia, akaiacha nta igande kwenye karai. Masega mabichi hubaki na asali kidogo hata yakikamuliwa vipi, kwa hiyo pale nyumbani debe la masega halikuachwa wazi hata dakika moja. Ukilisahau, nyuki hao wamefika.

Tulikuwa watu watatu: Babu, mimi, na Mama Mdogo Tatu. Mama yangu mzazi alifariki meno yangu hayajatimia kinywani, na Tatu, mdogo wake, akanichukua akiwa bado msichana wa miaka kumi na saba. Alichuja nta akiwa amenibeba mgongoni. Nililala naye kitanda kimoja, nikala naye sahani moja, na akienda kisimani nilishika upindo wa kanga yake. Babu alikuwa akinitania kwa kuniita mke wake, kama mababu wafanyavyo, lakini mimi niliyemtaka alikuwa Tatu peke yake. Mniwie radhi nikisema kwamba alikuwa wangu.

Nilikuwa na miaka kumi dansi lilipomwingia Mama Mdogo. Karibu na njia ya stesheni kulikuwa na klabu yenye ukumbi wa saruji na bati, na bendi ya saksafoni, tarumbeta, magitaa mawili na ngoma za kizungu. Wanaume walifika wamefunga tai, hata wale ambao mchana kutwa walikuwa wakipakia magunia kwenye mabehewa. Wanawake wa klabu walivaa sare. Walinunua jora zima la kitambaa, wakashona magauni ya namna moja, na ikifika sikukuu ya klabu wakanunua jora jingine. Mama Mdogo alikuwa nayo matatu, yakining'inia kwenye misumari juu ya kitanda chetu. Mimi nililala chali nikiyatazama kama mtu anavyowatazama wake wenza.

Jumamosi jioni nyumba yetu ilikuwa na harufu ya pasi ya makaa, poda na mafuta ya nazi. Alinifunika shuka, akaniambia, "Lala, mwanangu, nitarudi." Kweli alirudi, lakini alirudi akiwa bado anaimba chini kwa chini, na vidole vyake vilipiga mdundo mgongoni mwangu bila mwenyewe kujua. Hapo ndipo nilipojua kwamba amekuja nusu tu, na nusu nyingine imebaki kule.

Nusu hiyo ilikuwa kwa Bwana Shabani. Alikuwa karani wa stesheni ya Kigwa, akija mjini kwa treni kila Jumamosi na saksafoni yake ndani ya kisanduku cheusi, akiibeba kwa uangalifu ambao watu wengine huwabebea watoto wachanga. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye mwanya. Ningefurahi kuwaambia kwamba alikuwa mlevi au mjeuri, lakini hakuwa. Aliniletea peremende. Nilizipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, kisha nikazitupia kuku, na kuku nao hawakuzitaka.

"Shikamoo, Bwana Shabani."

"Marahaba, mwanangu. Mama Mdogo yupo?"

"Amelala."

Na sauti ya Mama Mdogo ikasikika kutoka uani akiimba. Bwana Shabani alitabasamu, akaketi barazani kumngojea aamke.

Sasa niwaeleze habari ya sakafu. Saruji tupu haifai kwa dansi, kiatu kinakwaruza na mguu unachoka. Klabu nyingine zilinyunyiza mishumaa iliyoparuzwa. Yetu ilikuwa klabu ya Tabora, mji wa nta, na ingekuwa aibu kununua mshumaa dukani. Mama Mdogo aliomba kipande kwa Babu, tukakiparuza kwa mkebe uliotobolewa kwa msumari, chembe zikaanguka sakafuni, na vijana wawili wakafunga magunia miguuni wakateleza huku na huku mpaka saruji ikang'aa. Wageni wa Dodoma walikiri kwamba hawajapata kucheza walzi mahali laini kama pale. Babu alitoa nta hiyo bila kuuliza, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga ukumbini hata siku moja.

Mwisho wa kiangazi barua ya posa ililetwa, imefungwa ndani ya leso nyeupe. Babu aliipokea, akaiweka chini ya mto wake, akanyamaza mwezi mzima. Wazee wa Bwana Shabani walituma mtu kuuliza, akaambiwa wangoje. Kisha jioni moja, tukiwa tunakula, Babu alisema bila kuinua uso, "Nasikia Jumapili kuna dansi la mchana, la watu na familia zao. Nitakuja nikae nitazame kwa macho yangu. Nikiona pana heshima, nitajibu barua ya watu."

Mama Mdogo hakumaliza ugali wake. Usiku ule alinikumbatia akanieleza kila kitu kwa furaha, kama kwamba na mimi nilikuwa nikiomba jambo hilo. Bwana Shabani alikuwa amepewa uhamisho kwenda Dodoma. Babu akikubali, wataoana na kuondoka kabla ya mvua.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utabaki na Babu, mwanangu. Atabaki na nani mwingine? Utakuja kututembelea skuli zikifungwa."

Kututembelea. Neno hilo lilinichoma kuliko chochote nilichopata kuambiwa, maana ndani yake mlikuwa na watu wawili, na mimi sikuwa mmojawapo. Nikalala nimegeukia ukutani, na nikafikiri kwa akili yote niliyokuwa nayo jinsi ya kumfanya Babu asipaone pale kuwa mahali penye heshima.

Jumapili, wakati Mama Mdogo anapiga pasi gauni la sare, nilisema natangulia na nta. Aliniamini. Nilifunua debe la masega mabichi, nikajaza kopo, nikaliweka juu ya makaa mpaka yakalainika, nikachanganya na vipande vya nta safi ili yapate rangi. Pale ukumbini mlinzi alikuwa mzee mmoja aliyependa usingizi wa adhuhuri. Nilimwambia kwamba leo Babu ameagiza nta ya kupaka, si ya kuparuza, naye akasema kama ni Mzee Kasimu basi sawa. Nikapiga magoti na kitambaa, nikapaka sakafu yote, na mbele ya viti vya bendi nikapaka mara mbili.

Nilichotaka ni viatu vinate. Nilimwona kichwani mwangu Bwana Shabani akinyanyua mguu na kiatu kikibaki chini, watu wakicheka, Babu akinyanyuka kwa hasira. Habari ya nyuki sikuifikiria hata kidogo. Mtoto niliyekuwa nikichapwa kila nilipoacha debe wazi nilidhani nyuki ni mambo ya uani kwetu, na kwamba kwenye dansi hawaruhusiwi kuingia.

Watu walianza kufika baada ya sala ya adhuhuri. Babu alikuja na kanzu yake nzuri na kofia, akapewa kiti cha mbele na chai ya tangawizi, na wanachama wote wakapita kumwamkia mmoja mmoja. Bendi ikaanza polepole. Viatu vilinata kweli, vikatoa sauti kila vilipoinuka, lakini wachezaji walidhani ni joto, wakacheka tu wakaendelea. Mama Mdogo alicheza na wanawake wenzake wenye sare, hatua moja, kugeuka kumoja, na jua la dirishani liliwaangukia mabegani. Sijapata kumwona mzuri namna ile. Bwana Shabani alisimama akapiga saksafoni akimtazama yeye peke yake, na alipomaliza watu walipiga makofi, na mimi nikamtazama Babu.

Fimbo ya Babu ilikuwa inagonga sakafu kwa mdundo. Alikuwa anatabasamu.

Nikajua nimeshindwa. Nilisimama karibu na mlango nikilia kimya kimya, na ndipo nyuki wa kwanza aliponipita sikioni. Kisha kumi. Kisha hesabu ikapotea. Kiangazi kile miti ya porini ilikuwa haijachanua, nyuki walikuwa na njaa, na joto la ukumbi uliojaa watu lilikuwa limeifanya harufu ya asali ifike mbali. Waliingia kwa madirisha yote. Mpiga tarumbeta alikimbia na tarumbeta yake kichwani. Wazee waliokuja kuonyesha heshima zao walipitia dirishani. Mimi nilijaribu kukimbia, lakini kitambaa nilichopakia nta nilikuwa nimekificha ndani ya nguo yangu, na nyuki wakanijia mimi kuliko mtu yeyote.

Aliyenichukua ni Bwana Shabani. Alivua koti lake akanifunika nalo kichwa mpaka miguu, akaninyanyua akanikimbiza hadi bombani nje ya stesheni, na njia nzima nilisikia akiguna kila alipochomwa. Saksafoni aliiacha sakafuni. Hata kwa hilo nilimchukia, maana mtu ukimfanyia ubaya halafu akakufanyia wema huna tena pa kuweka uso.

Watu walipotulia tulirudi kuangalia vilivyobaki. Mama Mdogo alinishika mkono. Jicho langu moja lilikuwa limefunga, lakini kwa hilo la pili nilimwona Babu akiinama pale mbele ya viti vya bendi. Alikwangua sakafu kwa ukucha, akanusa, akaweka kwenye ulimi. Kisha akanitazama, akamtazama Mama Mdogo, akafuta kidole chake kwenye kanzu. "Twendeni nyumbani, mke wangu," akaniambia, kwa upole kabisa.

Siku ya tatu leso nyeupe ilirudishwa. Babu alimjibu mjumbe kwamba mahali ambapo hata nyuki wanawafukuza watu binti yake hapamfai. Bwana Shabani alikuja mwenyewe, uso bado umevimba, akakaa na Babu barazani mpaka chai ikapoa, akaondoka ameinamisha kichwa. Mvua zilipoanza alikwenda Dodoma peke yake. Mama Mdogo aliyashusha magauni ya sare kutoka misumarini akayakunja. Nami nililala vizuri. Niliona nimemdanganya Babu, nimemdanganya kila mtu, na Tatu amerudi mzima.

Mwanamume mwingine hakuleta barua. Walimwogopa Babu, au walimwona Mama Mdogo amekwisha kuwa mtu wa nyumbani, sijui. Miaka minane ilipita. Kisha barua ikaja kwa ajili yangu, kutoka kwa mwalimu mmoja wa Mwanza niliyemtaka kwa moyo wangu wote. Babu aliipokea, akaiweka chini ya mto, akanyamaza. Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya tatu sikuweza kula.

Alasiri moja nilikuwa napeta mchele uani, Mama Mdogo akaingia chumbani kwa Babu akafunga mlango. Sikuwahi kumsikia akimpandishia baba yake sauti, na siku ile pia hakupandisha, lakini dirisha lilikuwa wazi.

"Baba," alisema, "ile nta uliionja mbele yangu. Ulijua ni masega ya debe letu, na ulijua ni mkono wa nani. Mimi nilijua kabla yako, nilipomvua nguo pale bombani nikakuta kitambaa. Ulikuwa umekwisha kumpenda yule kijana. Ulipata sababu tu."

Kitanda cha Babu kililia, kisha nikamsikia Mama Mdogo tena.

"Sikuuliza, na sitauliza. Lakini huyu mtoto utamwachia aende. Mmoja anatosha."

Kesho yake asubuhi Babu aliita mjumbe. Alikuwa mzee mno siku ile, na aliponiita mke wake sauti haikutoka vizuri. Nilielewa wakati huo kwamba nyumba ile ilikuwa na wenye wivu wawili, na mtoto alikuwa mmoja tu kati yao. Mimi nilitenda nikiwa na miaka kumi. Yeye alitenda kwa kunyamaza, akiwa mtu mzima, baada ya kugonga fimbo na kutabasamu.

Lakini si yeye ninayemfikiria usiku nikikosa usingizi. Alasiri ile Mama Mdogo alitoka chumbani, akanikuta nimesimama na ungo, mchele umemwagika miguuni. Akainama akaanza kuokota mchele, akasema nikimaliza niende akanisuke, wageni watakuja. Nikaketi chini katikati ya magoti yake, kama nilivyoketi kila Ijumaa kwa miaka minane ile yote aliyokuwa akijua, na nikakumbuka kwamba katika Ijumaa zote hizo hakuwahi hata mara moja kunivuta nywele nikaumia.