Lengalenga Kando ya Uzio

Nyaguthii alifika Gaithersburg, ughaibuni, wakati majani yalipokuwa yakianguka, na kwa muda mrefu aliamini kwamba miti ya pale ilikuwa inakufa. Alisimama dirishani, mjukuu wake mchanga begani, akatazama majani ya rangi ya moto yakitua juu ya magari yaliyoegeshwa, akamhurumia mwenye msitu. Hakumwuliza mtu. Kila mmoja katika nyumba ile alikuwa na haraka yake. Bintiye Mumbi alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, akilala mchana na mto juu ya kichwa. Mkwewe Mutai aliwasha gari kabla hakujapambazuka apate kuiwahi barabara kuu kabla haijasongamana magari. Jeptoo, binti yao wa darasa la tatu, alichukuliwa na basi la manjano. Akabaki yeye na Ethan, mtoto aliyekuwa sababu ya yeye kuitwa kutoka Othaya, Kenya.

Lugha ya nyumba ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa Mumbi ni wa Nyeri na Mutai ni wa Bomet, na hakuna aliyetaka kumshinda mwenzake. Nyaguthii mwenyewe alikuwa amekiokota Nakuru enzi za ujana wake, alikoishi na marehemu mumewe Gitau, fundi wa reli. Jeptoo alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza. Hivyo bibi na mjukuu walizungumza kama watu wawili wanaoitana kutoka ng'ambo mbili za mto: kila mmoja alisikia, na hakuna aliyevuka.

Majira ya baridi yalipita kama usingizi wa homa. Theluji ilishuka bila sauti, na Nyaguthii alikaa karibu na tundu la sakafuni lililotoa hewa ya moto, akisuka kiondo. Mkonge aliobeba kwenye sanduku ulipomalizika, alifumua sweta kuukuu la Mumbi, jekundu lenye mistari ya manjano, akasokota nyuzi zake upya juu ya paja. Jeptoo alikuwa akirudi kutoka shuleni, anatupa begi, anakaa sakafuni kumtazama. Siku moja, bila kuambiwa, alipandisha suruali hadi gotini akajaribu kusokota kwenye mguu wake mwembamba. Uzi ulimchoma, akacheka.

"Paka majivu kidogo," Nyaguthii akamwambia, kisha akakumbuka kwamba katika nyumba ile hapakuwa na majivu.

Miti ilipofufuka aliona haya kwa kuwa alikuwa ameshaililia. Akaomba jembe. Mutai, aliyemheshimu mama mkwe kiasi cha kutomtazama machoni, alimletea sepetu mpya kutoka dukani na kuiacha mlangoni kama mtu anayeacha zawadi ya harusi. Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na uzio wa mbao, palikuwa na nyasi zisizotosha kulisha mbuzi. Nyaguthii alizifyeka, akapanda sukuma wiki, vitunguu na maharagwe.

Ni katika udongo huo alipoona vitundu. Vilikuwa vidogo, vya duara safi, kama vile mtu amepita usiku akichomachoma ardhi kwa kidole. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei akakuta ndani ya kila kitundu macho mekundu. Nyenje walitoka, wakapanda uzio, miti, hata nguzo za taa, wakavua magamba yao na kuyaacha yameshikilia mbao, matupu. Baada ya siku chache mtaa wote ukaanza kuvuma. Ulikuwa mlio usio na mwanzo, kama chungu kikubwa kinachotokota mahali fulani nyuma ya mbingu.

Majirani walitembea na miavuli. Jeptoo, ambaye mwalimu wake alikuwa amewafundisha habari hizo, alimweleza bibi kwa Kiingereza cha polepole na mikono mingi kwamba wadudu wale hukaa chini ya ardhi miaka kumi na saba wakinyonya mizizi, kisha hutoka wote pamoja.

Nyaguthii akahesabu nyuma. "Basi walipoingia ardhini," akasema, "babu yako Gitau alikuwa hai. Alikuwa bado anavaa ile kofia ya reli."

Tangu siku hiyo hakuwaogopa. Mmoja alipotua kwenye mkono wa sweta lake alimwacha. Alihisi kwamba wametoka katika mwaka ambao yeye hangeweza tena kuurudia, na kwamba huenda wamebeba kitu cha huko. Alipokuwa akipalilia mvumo ulimwingia kichwani hadi mawazo yake yakalegea. Mara nyingine alinyoosha mgongo akitazamia kuona mistari ya chai ng'ambo ya uzio, akaona nyumba za jirani zimesimama zimegusana mabega.

Ndipo siku moja, mwanzoni mwa Juni, akapotea.

Mumbi alikuwa amerudi kutoka kazini na kulala. Ethan alilia, na ili asimwamshe mama yake, Nyaguthii akamtia kwenye kigari akatoka naye. Alifuata kijia cha nyuma ya nyumba. Mtoto alinyamaza mvumo ulipowazunguka, naye akaendelea kusukuma, kivuli baada ya kivuli, akavuka daraja dogo la mbao juu ya kijito, akiwaza mambo ya Nakuru, mpaka alipogeuka kurudi. Nyumba zilikuwa zimepangana safu kwa safu, zote za rangi ya uji, zote zenye mlango uleule. Akajaribu kijia kimoja, akajaribu kingine. Namba ya simu ya Mumbi ilikuwa imebandikwa kwenye friji, na friji ilikuwa katika mojawapo ya milango ile.

Hakupiga kelele. Alisukuma tu kigari hadi alipofika kwenye uzio wa waya nyuma ya majengo ya ghorofa. Hapo palikuwa na mwanamke mzee aliyejifunga kitenge kiunoni, ameinama anachuma magugu na kuyatia kwenye mfuko wa plastiki. Nyaguthii akayatazama magugu yale. Yalikuwa mchicha wa porini, mashina yake mekundu karibu na mzizi.

"Terere!" akasema kwa sauti, kwa lugha ya kwao, kabla hajajua kuwa amesema.

Yule mwanamke akainuka, mkono kiunoni. "Lengalenga," akajibu, kama mtu anayemsahihisha mtoto.

Wakatazamana.

"Mama, unasikia Kiswahili?" Nyaguthii akauliza.

"Njo!" akaitikia kwa kichwa. "Minasikia. Miye ni Candide, wa Bukavu. Na wewe?"

"Mimi ni Nyaguthii, wa Nyeri, Kenya. Na nimepotea, dada. Nimepotea na mtoto wa watu."

Candide akachungulia kigari, akaona Ethan amelala mdomo wazi. "Huyu hakupotea," akasema. "Huyu iko kwake. Kuya mu nyumba, unywe maji."

Jiko la Candide lilikuwa dogo na lenye joto, na lilinukia mawese. Alikuwa akiishi na binti yake Keza, aliyehudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee na ambaye angerudi alasiri na gari. Candide naye hakujua namba ya mtu yeyote zaidi ya bintiye, na kazini Keza hakuruhusiwa kushika simu. Basi wakangoja. Ethan alipoamka walimlisha uji mwepesi. Candide alichemsha lengalenga, akasonga bugali, kisha akatoa kisahani chenye vitu vyeusi vilivyokaangwa vikang'aa.

"Ni nini?"

"Si hawa wenye kelele? Kwetu tunakula kumbikumbi, tunakula panzi. Hawa Mungu amewamwanga bure."

Nyaguthii alitaka kukataa. Lakini alikuwa mgeni, na mwenyeji alikuwa anamtazama. Akachukua mmoja, akafumba macho. Ilikuwa kama kutafuna njugu iliyookwa pamoja na ganda lake. Akachukua wa pili, na Candide akacheka hadi akashika meza.

Walizungumza kama watu wanaotembea juu ya mawe ya mtoni, wakichagua neno ambalo litawabeba wote wawili. Nyaguthii alisimulia shamba lake la Othaya, ng'ombe aliyeachiwa jirani Waringa, na tiketi ya kurudi mwezi wa Agosti. Candide alisikiliza huku akipangusa sahani. Kisha akasema kwamba yeye pia alikuwa na shamba, na kwamba sasa watu asiowajua wanalima humo, na kaburi la mume wake limo humo humo katikati ya mihogo yao. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida. Nyaguthii akachukua kitambaa kingine, wakapangusa sahani pamoja.

Keza aliporudi aliwapakia kwenye gari na kuzunguka mtaa mmoja baada ya mwingine. "Mama, unakumbuka nini cha nyumba yenu?" akauliza. Nyaguthii alitazama milango ya rangi ya uji ikipita. Halafu walipokata kona aliona, juu ya uzio wa nyuma, vifungu vya nyuzi nyekundu na manjano alivyokuwa amevifua asubuhi na kuvianika.

"Pale! Zile nyuzi ni zangu!"

Mbele ya nyumba palikuwa na gari la polisi. Mumbi alikuwa amesimama uwanjani miguu mitupu, nguo ya kulalia imefunikwa na koti la Mutai, na uso wake haukuwa uso ambao mama yake aliujua. Alimchukua Ethan, akampapasa mwili mzima, kisha akageuka.

"Mum, nimeamka nyumba iko kimya! Unajua ni nini, kuamka nyumba iko kimya? Nimekimbia mpaka kwenye maji kule chini!"

"Nilikuwa natembea tu."

"Usitoke tena. Tafadhali. Kaa ndani, sawa? Kaa tu ndani."

Nyaguthii alisubiri polisi aondoke. Ndipo akasema polepole, "Mumbi, nilikuzaa shambani, kati ya mistari ya viazi. Kama sina ruhusa ya kutembea, nirudishe nyumbani hata kesho."

Mumbi alikaa chini kwenye ngazi akalia kama msichana mdogo, na mama yake, ambaye alikuwa na hasira, aligundua kwamba mwanawe amechoka kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwona, kuliko wachuma chai wa mwisho wa msimu. Hasira ikamtoka. Lakini neno lake hakulirudisha.

Kwa juma zima walipita wakikwepana. Jumamosi kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Candide, amevaa kitenge cha kanisani, na mfuko wa mbegu mkononi. Hakumwomba Mumbi chochote; alimsalimia, akamsifia mtoto, akaingia jikoni kana kwamba amealikwa, na wale wazee wawili wakapika. Jeptoo alisimama mlangoni akiuliza kama ni kweli bibi yake, Shosho, amekula wadudu. Alipojibiwa ndiyo, alipiga yowe la furaha na kukimbia kumpigia rafiki yake simu.

Wakati wa kula, Candide alimwambia Mumbi kwamba nyuma ya kanisa lao dogo, ng'ambo ya kijito, mchungaji amewapa akina mama kipande cha ardhi, na kwamba yeye mgongo wake hauwezi peke yake. "Nitakuya kumuchukua mwenyewe asubuhi," akasema. "Na nitamurudisha. Hatapotea. Miye nilishapoteza vya kutosha."

Mumbi alimwongezea Candide chakula. "Basi mtabeba simu," akasema.

Walibeba simu ya kugusa kioo, ambayo hakuna kati yao aliyejua kuipiga mpaka Jeptoo alipowafundisha, akisema Kiswahili chake kilichovunjikavunjika kwa sababu Candide hakujua Kiingereza hata kidogo. "Bonyeza ya kijani," aliwaambia. "Si hiyo. Kijani, Nyanya." Nyaguthii alisikia lile neno la Kiswahili likimtoka mtoto kwa mara ya kwanza, badala ya Shosho, akajifanya anahangaika na simu ili aendelee kufundishwa.

Agosti ilipokaribia alimwambia Mumbi aisogeze tarehe ya tiketi, maana maharagwe ya nyuma ya kanisa yalikuwa yameanza kutoa maua na hangeweza kuyaacha hivyo. Alitaka kurudi Othaya, na angerudi kabla ya theluji, hilo hakulificha. Usiku aliota ng'ombe wake. Ila Candide alipomwuliza kama atakuja tena, alisema atakuja, na akashangaa kuona kwamba hajasema kwa adabu tu.

Septemba wakavuna. Asubuhi moja ukungu ulikuwa umelala juu ya kijito, na jua lilipopenya, kila jani la lengalenga lilibeba tone lake. Wale wanawake wawili walikuwa wakichambua maganda ya maharagwe, Ethan akitambaa kati yao na udongo mdomoni, gari la Mumbi lilipoegeshwa kando ya kanisa. Alitoka bado amevaa sare ya hospitali. Hakuja kuwachukua; alisema alipita tu. Alivua viatu, akavua soksi, akaingia kati ya mistari, akakaa chini kwenye udongo mbichi kando ya mama yake.

"Ulikula?" Nyaguthii akamwuliza.

"Nitakula," Mumbi akasema, na akaegemea.

Kichwa chake kilipata paja la mama yake, lile la kusokotea nyuzi, lenye ngozi ngumu. Pumzi yake ikawa nzito papo hapo. Candide akanyoosha kitenge chake cha pili, akamfunika miguu. Maganda yakaendelea kupasuka mikononi mwao, kwa sauti ndogo, na ukungu ukainuka polepole juu ya mboga.