Nani Alishindwa Jimboni Kwenu?

Jumatatu asubuhi, ndani ya basi la kampuni linalotutoa Al Wukair kwenda kazini Lusail, hapa Qatar, dereva wetu, Mhindi wa Kerala, alitutangazia kwamba wiki ijayo hatakuwepo. Anakwenda kwao kupiga kura.

"Unapanda ndege kwa ajili ya kura moja?" akacheka mlinzi mmoja, Mtanzania mwenzangu, aliyekaa nyuma yake.

Dereva akainua vidole vitatu juu ya usukani. "Mgombea wetu aliwahi kuanguka kwa kura tatu. Mimi, mke wangu na kaka yangu tulikuwa hapa hapa Doha."

Kisha akatutajia washindi wote wa jimbo lake tangu utoto wake, na walioshindwa pia. Tukasimama kwenye taa nyekundu. "Na kwenu je, rafiki?" akamuuliza yule mlinzi.

"Kwetu mbunge alipita bila kupingwa. Na kabla ya hapo, bila kupingwa."

"Kwa kura ngapi?"

"Hakuna kura. Ya rais nilipiga. Karatasi ya mbunge sijawahi kuishika."

Taa ikawa kijani. Nyuma yetu honi zikalia, basi halikuondoka. Dereva alikuwa amegeuka mzima, mdomo wazi.

"Sasa aliyeshindwa alikuwa nani?"

Mimi ninayejifanya mjuzi wa siasa kwenye safu hii nikaligeukia jimbo langu kichwani. Jina la mbunge likanijia upesi. La aliyeshindwa nililitafuta mpaka Lusail, ndipo nikashtuka: hata kwetu hakuwepo.