Miguu Iliyopangwa Kama Kwaya

Dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita yaya, hutengeneza jibini kwenye kilima, upande wa Masisi unaotazama ziwa. Kwa miaka mingi alipima joto la maziwa kwa kidole. Alichovya, akakunja uso kidogo, akajua kwamba wakati wa kutia dawa ya kugandisha umefika. Mwaka jana vidole vyake vilianza kufa ganzi. Maziwa yakawa yanapata joto kupita kiasi, jibini inatoka kavu na kuvunjikavunjika. Termometa ya kioo haikumsaidia, kwa sababu macho yake hayasomi namba katikati ya moshi.

"Kaka," aliniambia, "musimu huu ikienda mubaya, nauzisha ng'ombe."

Mimi natengeneza redio na simu. Kazi hiyo niliianza Walikale, kwa wachimbaji waliotoka machimbo ya Bisie na redio zilizojaa matope. Mengine nimejifunza mwenyewe. Nilimwahidi king'ora kidogo cha jikoni: waya unaopima joto ndani ya maziwa, na mlio wakati joto linapofika. Masikio yake ni mazima. Ndiye anayeongoza kwaya yetu.

Akili ya king'ora hicho ni mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyofungwa katika kipande cheusi kidogo kuliko ukucha, chenye miguu ya chuma pembeni. Aina niliyoipata Goma haikuwamo katika programu yangu ya kuchorea saketi. Ilibidi niitengenezee alama: kisanduku chenye mistari inayochomoza, kila mstari badala ya mguu mmoja, pamoja na namba na jina lake. Zamani alama kama hizo nilizichora mguu kwa mguu. Safari hii niliandika programu fupi ya kusoma jedwali la miguu lililotolewa na mtengenezaji, kisha kuichora alama yenyewe.

Ikachora, miguu yote kwa mfuatano wa namba. Yaya alikuwa ametuletea maziwa. Akainama mbele ya kompyuta.

"Ndiyo king'ora hii? Miye naona jongoo."

"Usinicheke, yaya. Namba zote ziko sawa."

"Sawa. Umeme inaingilia wapi? Na mulio inatokea wapi?"

Nilitafuta kwa kidole, nikapotea, nikaanza upya. Alikuwa na haki ya kucheka.

Jibu lilinijia kwenye mazoezi ya kwaya. Hatukai kufuatana na vilima tunavyotoka. Tunakaa kwa sauti, wa besi pamoja, wa soprano pamoja. Alama nayo si picha ya kipande. Mguu unaweza kuchorwa popote panaposomeka vizuri, mradi ubaki na namba yake. Nikaongeza safu moja katika jedwali, ya kazi ya kila mguu, na programu ikapanga upya: umeme juu, ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, chini, miguu ya kuingiza taarifa kushoto, ya kutoa kulia. Hata yaya aliuona mguu wa mlio bila kuonyeshwa.

Kabla ya kumpelekea mchoro rafiki wa Goma anayetengeneza mabamba ya saketi, tulihakiki. Mke wangu ni mwalimu, kwa hiyo alisoma jedwali kama anayeita majina darasani. Mimi nilitafuta kwenye alama, na yaya, ambaye hakuna aliyemwomba, akaitikia "Iko!" kwa kila mguu. Tulipomaliza, mke wangu alikichukua kile kipande chenyewe kwa kibano, akakigeuza polepole.

"Papa," aliniambia, "hii yako iko na miguu kidogo. Wengine tuliita bure?"

Nilirudi kwenye jedwali. Mtengenezaji huuza mikrokontrola ileile katika maumbo mawili, kubwa na dogo, na kila umbo lina safu yake ya namba. Programu yangu ilikuwa imechukua safu ya kwanza, ya lile kubwa. Bamba lingetengenezwa kwa kipande nisichokuwa nacho.

"Basi niite mununuzi wa ng'ombe?" yaya aliuliza.

Nilibadilisha jina la safu ndani ya programu, neno moja tu, nikaiendesha programu tena. Alama mpya ilitokea mke wangu akiwa bado anacheka, mpangilio uleule, namba sahihi. Kwa mkono ningeanza upya kabisa. Tukaita miguu yote tena, na yaya akaitikia kwa sauti kubwa zaidi.

Bamba lilipofika nilikilehemu kile kipande juu yake, tukaenda jikoni kwake. King'ora kililia. Yaya hakukiamini, alichovya kiwiko, akasubiri, kisha akatia dawa. Jibini ilitoka laini.

Siku chache baadaye mtu mmoja aliyesikia kwamba ng'ombe huenda wakauzwa alipanda kilima. Yaya alimkaribisha, akamkatia kipande.

"Ng'ombe hapana, Papa," alimwambia. "Jibini iko."