Chai ya Fundi wa Nguo

Fundi wa nguo anayeshona mkabala na ghorofa ya kina Shirleen, kule Donholm, huongea pini zikiwa mdomoni, kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu juzi. Hata akiketi kupumzika, vidole vyake huokota nyuzi kwenye sketi ya mteja. Ndiyo maana Shirleen, mwanafunzi wa filamu, alimchagua kwa shindano la kampuni moja ya majani chai: filamu fupi, mwanamke mchovu anywe chai, atabasamu, basi. Mshindi angepewa kazi, na Shirleen alikuwa amechoka kubisha milango.

Lakini kila mara fundi alipoinua kikombe, macho yake yaliiacha chai yakaenda kwa Owen, mshika kamera. "Huyu amesimama tangu asubuhi. Mimi ninywe akiniangalia?"

"Auntie, ni kuigiza tu," Shirleen akamwambia.

"Najua." Akampa Owen kile kikombe, akamimina kingine. Waliporudia, kikaenda kwa mshika taa. Cha tatu akakisukuma kwa Shirleen, naye akanywa ili yaishe. Fundi akawapa mgongo, akainamisha chupa ya chai juu ya kikombe cha mwisho, akaketi. Safari hii alikiinua polepole, akafumba macho, mabega yakashuka. Akatabasamu.

"Hapo tumepata," Owen akanong'ona.

Wakati wa kukusanya vyombo, Shirleen alikiinamisha kikombe cha fundi ili amwage masalio. Kilikuwa kikavu, hakina hata alama ya chai. Fundi alikuwa ameshazirudisha pini mdomoni.