Tiketi Ilikuwa Kikombe cha Maharagwe

Mwaka jana nilipita Cibitoke, mtaa nilikokulia, baada ya miaka mingi, nikasikia kwaya ya watoto ikifanya mazoezi kanisani. Nilisimama palepale barabarani, nikasikiliza hadi wakamaliza. Ngoja nikuambie kwa nini.

Wakati wa vita, watu waliokimbia kutoka milimani walijaa katika uwanja wa shule yetu, wakilala chini ya mahema ya plastiki. Njaa iliwatesa. Ndipo mwalimu wa kwaya akaanzisha konseri za Jumapili mle kanisani, mchana kweupe, ili kila mtu awahi nyumbani kabla ya saa ya kufunga barabara. Tiketi ilikuwa kikombe cha maharagwe, au unga wa muhogo, au chochote kinachopikika. Asiyekuwa na chakula aliingia na kuni. Jirani yetu Mwislamu, mwenye duka la pembeni, alileta mchele wake, akakaa benchi la nyuma akifuata ngoma kwa kichwa. Hadi leo nasikia maharagwe yakimwagika kwenye beseni la bati pale mlangoni.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi nilipopewa wimbo wa kuimba peke yangu. Siku hiyo mama alitoka alfajiri kwenda Kajaga, kando ya ziwa, kuchukua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa sababu alikuwa ameahidi kuwaletea wakimbizi beseni zima. Saa nne tukasikia risasi upande ule. Saa nane kanisa lilikuwa limejaa, na mama hajarudi.

"Mi siimbi," nilimwambia bibi.

Alikuwa akininyooshea kola.

"Utaimba, mutoto wangu. Wale wa mu uwanja hawajakula tangu jana, na watu wamekuja kusikia weye. We angalia mwalimu. Mi nitaangalia mulango."

Nikaimba. Ubeti wa kwanza ulitoka kama sauti ya mgonjwa. Katikati ya ubeti wa pili nikamwona bibi anainuka, anaziba mdomo kwa kiganja, kisha anacheka kwa sauti kubwa mle kanisani. Mama alikuwa mlangoni, matope hadi magotini, kiatu kimoja hana, beseni la ndagala kichwani.

Wimbo ukanikatikia. Mwalimu, ambaye kwa kosa dogo alikuwa akitusimamisha kwenye jua kali, hakunigombeza. Aliushika ubeti wangu yeye mwenyewe, kwa sauti yake ya kukwaruza, mimi nikamkimbilia mama.

"Maaskari walifunga barabara," mama alisema akihema. "Nilijificha, kisha nikapita mu mashamba ya mupunga. Apana lia. Niko hapa."

Alasiri ile ndagala walikaangwa kwa mawese na pilipili, uwanja mzima ukanukia. Watoto wa mahemani walikula hadi wakalamba vidole. Mama aliketi juu ya jiwe akiosha miguu, mimi nimeshika kitenge chake, siachii hata aliponiambia anataka kusimama.

Bibi hayupo tena, wala mwalimu. Duka la jirani limekuwa nyumba ya ghorofa. Amani ilipokuja, watu wa milimani walirudi kulima kwao, na konseri za namna ile zikaisha zenyewe, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuimbiwa. Nazikumbuka kwa hamu, nakuambia kweli. Lakini siombi zirudi.